Maafa yakishapita mwambao wa Ziwa Victoria: jinsi ya kutafuta msaada wa gharama za shule za mtoto wako

Upepo ukiezua paa usiku, au maji ya ziwa yakiingia hadi jikoni, asubuhi kinachohesabiwa ni bati, magunia ya udaga (mihogo iliyokaushwa), mbuzi na nyavu. Sare iliyosombwa na madaftari yaliyolowa hayaandikwi na mtu. Wiki chache baadaye mtoto anaonekana mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, akianika dagaa, na kwenye daftari la mahudhurio jina lake limejaa alama za utoro.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi wa Ukerewe, Ukara, Irugwa, Kome, Maisome, na vijiji vya mwambao kuanzia Magu na Ilemela hadi Misungwi, Sengerema na Buchosa. Fedha za kumsaidia mtoto aliyekumbwa na maafa zipo, ila zimetawanyika, kila mahali kidogo, na zote zinafuata karatasi. Familia ambayo hasara ya shule haikuandikwa siku za mwanzo huhangaika sana baadaye kuthibitisha kwamba ilitokea. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye majina ya wafadhili.

Kwanza, jua unachoomba

Ada hulipi. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia awali hadi kidato cha nne, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 kidato cha tano na sita nacho kimeondolewa ada. Ukienda ofisi yoyote ukasema "naomba ada ya mtoto", utaambiwa elimu ni bure na mazungumzo yataishia hapo.

Unachoomba ni vile ambavyo waraka wa elimu bila malipo umemwachia mzazi: sare, viatu, madaftari na kalamu, chakula cha mwanafunzi wa kutwa, nauli na matibabu. Kwa aliyechaguliwa bweni ongeza vilivyoorodheshwa kwenye fomu ya kujiunga: godoro, shuka, ndoo, jembe, fagio, rimu ya karatasi. Kwa watoto wengi wa visiwani kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye waraka wowote, nayo ni kodi ya chumba. Sekondari iko mbali, mtoto amepanga geto jirani na shule, na hela ya geto ilikuwa inatoka kwenye dagaa. Mtumbwi ukivunjika, geto linakufa mwezi huohuo.

Siku za kwanza: hasara ya shule iingie kwenye tathmini

Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji mara tu watu wakishakuwa salama. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia kijiji na kata hadi wilaya na mkoa. Kamati ya kijiji ndiyo inayopita nyumba kwa nyumba, na orodha yake ndiyo inayopanda juu. Wilayani kamati iko chini ya Mkuu wa Wilaya, na misaada mingi, iwe ya serikali, ya kanisa au ya Msalaba Mwekundu, hugawiwa kwa kutazama orodha hiyo.

Kamati ikifika kwako, usiache orodha iishie kwenye nyumba na chakula. Sema hivi, hata kama kuna mtu anaharakisha: "Shikamoo mtendaji. Hapa kuna wanafunzi watatu, mmoja darasa la pili, mmoja la saba, mmoja kidato cha pili. Naomba muandike majina yao, shule zao, na kwamba sare na madaftari vimekwenda na maji." Kama fomu haina nafasi ya wanafunzi, omba iandikwe kwenye maelezo ya ziada. Kisha nakili kwenye karatasi yako tarehe, jina la aliyeandika na cheo chake.

Piga picha kwa simu. Usipige paa peke yake. Tandaza madaftari yaliyolowa juani, weka na sare iliyochanika, mtoto asionekane uso, piga. Kama simu yako imezama, jirani apige na akutumie baadaye.

Kuna maafa ya aina moja ambayo watu wetu hawayaripoti kabisa: ziwa linalopanda polepole. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipita kiwango cha 1964 kilichokuwa kikikumbukwa na wazee, na mwaka 2024 yakapanda tena. Paa likiezuliwa kijiji kizima kinakimbilia pale. Maji yakisogea hatua chache kila wiki, leo shamba la mpunga, mwezi ujao choo, kisha njia ya kwenda shule, hakuna siku moja ambayo mtu anaweza kusema "leo ndiyo maafa". Ikiwa hayo ndiyo yako, chagua siku, kwa mfano siku mliyohama nyumba au siku njia ya shule ilipofungwa na maji, uripoti kwa tarehe hiyo.

Wengine wananyamaza kwa hofu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na aliyejenga humo anaogopa kwamba akijitokeza ataambiwa alivamia hifadhi. Hofu hiyo naielewa, lakini isimgharimu mtoto. Msaada wa shule ni ombi tofauti na fidia ya nyumba. Kwenye barua andika wazi: "Ombi hili linahusu mahitaji ya shule ya watoto tu." Haki ya mtoto kusoma haipimwi kwa umbali wa nyumba ya wazazi wake kutoka majini.

Mtoto arudi darasani kabla fedha hazijapatikana

Hapa ndipo familia nyingi zinapopoteza zaidi ya zilivyopoteza kwenye maafa yenyewe. Mzazi anasema, "Asubiri kwanza nimpatie sare." Mwezi unapita, mtoto anazoea hela ndogondogo za mwaloni, na anayekosa shule siku 90 mfululizo huhesabiwa kuwa ameacha masomo.

Nenda kwa mwalimu mkuu, au mkuu wa shule kama ni sekondari, wiki ileile, na mtoto wako mkononi. Mweleze kilichotokea na uombe mambo matatu. La kwanza, mtoto apokelewe na nguo alizonazo hadi sare ipatikane. Karibu kila Januari viongozi wa elimu hutangaza kwamba ukosefu wa sare usimzuie mtoto kuanza masomo, na mwalimu analijua hilo. La pili, siku alizokosa ziandikwe kuwa ni kwa sababu ya maafa. La tatu, suala la mchango wa chakula lipelekwe kwenye kamati ya shule, au bodi kwa sekondari, ili kaya yako iahirishiwe, na uamuzi uingie kwenye muhtasari wa kikao. Ahadi ya mdomo ya mwalimu mwema inaondoka naye siku akihamishwa.

Hilo la mahudhurio lina uzito wa pekee kwa kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini. Sehemu ya ruzuku imefungwa kwenye masharti, na sharti la elimu ni mtoto kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo kila mwezi. Maji yakifunga njia kwa wiki mbili, asilimia hiyo imeshavunjika, na ruzuku inaweza kukatwa wakati unapoihitaji kuliko siku zote. Barua fupi ya mwalimu inayosema njia ilifungwa, au shule yenyewe ilifungwa, ndiyo kinga yako.

Kama mmehamia kwa ndugu, tuseme kutoka Ukara mmekuja Igombe au Nansio, usimwache mtoto "apumzike" hadi mrudi. Omba uhamisho shule ya karibu. Utahitaji namba yake ya PREM, ile aliyosajiliwa nayo tangu shule ya msingi. Shule anayotoka inayo, kwa hiyo hata kama karatasi zako zote zimeteketea, piga simu kwa mwalimu wake akusomee. Na kama mtoto ameshaacha shule muda mrefu, mlango haujafungwa: Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unaruhusu walioacha kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, kurejea.

Andika bajeti ya mtoto mmoja mmoja

Usiombe "msaada wa shule". Hakuna ofisi inayojua hiyo ni shilingi ngapi. Chukua karatasi, kila mtoto ukurasa wake. Mtoto wa darasa la pili: sare jozi moja, sweta, viatu, madaftari, penseli. Wa kidato cha pili: sare, madaftari makubwa kwa kila somo, mkebe wa hesabu, kodi ya geto hadi mwisho wa muhula, mafuta ya taa au taa ya sola, unga. Mbele ya kila kitu weka bei ya dukani kwenu, siyo bei ya kukisia. Sare kwa fundi wa Nansio na sare ya kununua Mwanza mjini hazilingani, na ukibanwa uonyeshe umepata wapi bei hiyo.

Mwishoni tenganisha mafungu mawili: vya lazima wiki hii, na vinavyoweza kusubiri muhula ujao. Nimeona ombi kubwa likikaa mezani miezi, na ombi dogo la viatu na madaftari likitekelezwa palepale na mfanyabiashara wa kijijini. Fungu la kwanza likiwa dogo, kuna mtu atalibeba.

Barua yenyewe

Iwe ukurasa mmoja. Kama kuandika kunakupa shida, mwalimu, katekista au mtoto wa sekondari aandike wewe ukisema, kisha akusomee kabla hujaweka saini au dole gumba. Mfano:

*Kitongoji cha ..., Kijiji cha ..., Kata ya ...*
*Tarehe ...*

*Mkurugenzi Mtendaji,*
*Halmashauri ya Wilaya ya ...*

*K.K. Mtendaji wa Kata ya ...*
*K.K. Mtendaji wa Kijiji cha ...*

*YAH: OMBI LA MSAADA WA MAHITAJI YA SHULE KWA WATOTO WATATU BAADA YA MAAFA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mzazi wa wanafunzi watatu wanaosoma Shule ya Msingi ... na Shule ya Sekondari ... . Tarehe ... upepo mkali uliezua nyumba yetu na mvua ikaharibu sare, viatu na madaftari yao. Mtumbwi niliokuwa nautegemea kwa kipato ulivunjika. Taarifa ilipokelewa na kamati ya maafa ya kijiji tarehe ... .*

*Watoto wanaendelea kuhudhuria masomo bila sare. Naomba kusaidiwa mahitaji yaliyomo kwenye orodha iliyoambatishwa, yenye jumla ya shilingi ... , nikianza na fungu la kwanza la shilingi ... . Ombi hili linahusu mahitaji ya shule ya watoto tu.*

*Nimeambatisha barua ya mwalimu, nakala ya taarifa ya kijiji, picha na bajeti.*

Chini weka jina, saini na namba ya simu inayopatikana. Visiwani mtandao unasumbua, kwa hiyo ongeza namba ya pili ya mtu aliye mjini.

Mhuri wa kijiji na wa kata ni muhimu kuliko ufasaha wa barua. Barua isiyo na mihuri hiyo itarudishwa, na wewe utakuwa umeshalipa nauli ya meli.

Milango ya kubisha

Anza na *kijiji na shule*. Kikundi chenu cha VICOBA kina mfuko wa jamii, ule mnaochangia kila kikao pembeni ya hisa. Kazi yake ni shida kama hizi, na mara nyingi unatoa bila riba. Kama wanachama wengi wamekumbwa pamoja, kubalianeni fungu la watoto wa shule litoke kwanza, hata kama ni la madaftari tu. BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo wenu, nayo inawajua waliopoteza vyombo. Iombe itoe barua ya kuthibitisha kwamba kipato chako kilikuwa cha uvuvi, kwa sababu hati hiyo hutaipata kwingine.

*Halmashauri* ina watu wawili wa kuwaona: afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii. Wa kwanza ndiye anayeshughulikia watoto walio katika mazingira magumu, na ndiye anayejua ni mashirika gani yanafanya kazi wilayani kwa sasa. Majina ya mashirika hubadilika mradi ukiisha, hivyo kumuuliza yeye ni bora kuliko kutegemea orodha ya mwaka juzi. Muulize hasa kuhusu wasichana wa sekondari, maana wapo wafadhili, CAMFED mmojawapo, wanaosaidia wasichana wa shule za serikali katika wilaya walizozichagua. Mtoto huingizwa kupitia shule na kamati za pale, siyo kwa mzazi kupiga simu Dar es Salaam.

Afisa maendeleo ndiye wa mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo kwa kawaida hutolewa kwa vikundi na ni ya biashara, siyo ya sare. Nimeitaja kwa sababu mama aliyepoteza mtaji wa dagaa akirudi kazini, muhula ujao hatahitaji kuandika barua.

*TASAF*: kama kaya yako tayari ni mlengwa, nenda kwa kamati ya usimamizi ya kijiji ueleze maafa, upeleke barua ya mwalimu kuhusu mahudhurio, na uulize kama kuna ajira za muda. Kama siyo mlengwa, usipoteze nauli kwenda kuomba uingizwe. Kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa kijiji wakati wa zoezi la utambuzi, basi hudhuria mkutano likiitishwa. Anayemaliza kidato cha sita atunze namba ya kaya ya TASAF, kwa maana fomu ya Bodi ya Mikopo huiuliza na inamsaidia kuonyesha uhitaji.

*Dini*: parokia zina Caritas, makanisa mengine yana idara za udiakonia, misikiti ina kamati za zaka na sadaka. Hawa huwa wepesi kuliko ofisi zote na hawaulizi mihuri mingi. Kwa upande wa *mbunge*, fahamu kwamba Mfuko wa Jimbo ni wa miradi ya maendeleo kama darasa au choo cha shule, siyo wa sare za mtoto mmoja. Omba jambo la shule nzima kupitia mwalimu.

Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016 lilituachia funzo hapa. Serikali ilisema wazi kwamba haiwezi kumjengea kila mwananchi nyumba, na nguvu zikaelekezwa kwenye majengo ya umma, zikiwemo sekondari za Ihungo na Nyakato. Baada ya maafa, fedha kubwa hupenda kupitia kwenye taasisi. Wazazi kumi wa shule moja wakiweka bajeti zao pamoja, mwalimu mkuu akaandika barua moja yenye majina ya wanafunzi wote, ombi hilo lina miguu zaidi ya barua kumi za mtu mmoja mmoja. Na linaondoa aibu, kwa sababu hakuna mtoto anayenyooshewa kidole kuwa ndiye maskini wa darasa.

Safari ya ofisini ifanywe mara moja

Kutoka Ukara hadi makao makuu ya wilaya Nansio ni kivuko, kisha gari. Kutoka Kome au Maisome ni kivuko au mtumbwi wa injini, na safari ya barabara juu yake. Nauli ya safari mbili za bure inatosha kununua viatu vya mtoto. Piga simu kwanza kuuliza kama afisa yupo. Epuka siku ya baraza la madiwani. Beba nakala tatu za kila kitu, na nakala yako moja igongwe mhuri wa "Imepokelewa" na tarehe, pale masijala. Kama vyeti vya kuzaliwa vya watoto vimepotea, siku hiyohiyo pitia polisi upate taarifa ya upotevu, kisha ulizia RITA, wakala wa usajili wa vizazi, utaratibu wa nakala mpya. Karatasi zote ziweke ndani ya mfuko usiopitisha maji uliofungwa vizuri kabla hujapanda mtumbwi.

Wa kuwakwepa

Baada ya kila maafa wanafika wakopeshaji wa kausha damu, na hufika mapema kuliko msaada wowote. Mkopo wa wiki kwa ajili ya sare utaondoka na kitanda. Ikibidi ukope, kopa kwenye kikundi unachokijua.

Yupo pia anayepiga simu akijitambulisha kuwa ni wa shirika fulani, mtoto wako amechaguliwa, tuma kwanza hela ya fomu kwa M-Pesa au Airtel Money. Hakuna msaada wa kweli unaoanza kwa wewe kutuma hela. Mwambie aje kupitia kwa mtendaji, na usimtajie namba ya siri wala ile inayoingia kwenye ujumbe. Na yeyote kijijini anayedai "ya soda" ili jina lako liingie kwenye orodha, mfikishe kwa mtendaji wa kata, au kwa TAKUKURU kama huyo mtendaji ndiye mwenyewe.

Ukikaa kimya, na wao watakaa kimya

Wiki mbili baada ya kupeleka barua, piga simu utaje tarehe iliyopo kwenye mhuri wa "Imepokelewa". Ukiambiwa fungu halipo, uliza barua imehamishiwa kwa nani. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi tatizo ni kiambatisho kimoja kilichokosekana, na hicho unaweza kukipeleka kwa mtu anayesafiri. Mwezi ukipita bila jibu, peleka nakala kwa diwani wako kabla ya kikao cha baraza, umwombe aulize huko.

Msaada ukifika, hata ukiwa madaftari tu, mpelekee mwalimu aone na aandike. Kisha futa kilichopatikana kwenye bajeti yako, andika upya kilichobaki, na peleka orodha hiyo fupi kwenye mlango unaofuata kabla shule hazijafungwa Juni au Desemba. Likizo ikianza bila sare wala geto, mtoto wa mwambao anaingia kambini kwa wavuvi, na kumtoa kambini Januari ni kazi nyingine.